Grundig ya baba na majina makubwa ya redio yaliyosahaulika

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo niliiamini kwa miaka mingi, hadi mama yangu anayeishi Muyinga aliponituma nimnunulie redio huku Gitega ninakofundisha.

"Mwanangu, usiniletee vitu vya kuimba siku mbili na kunyamaza. Niletee redio yenye jina, kama ile ya marehemu baba yako," aliniambia.

Redio ya baba ilikuwa Grundig. Aliinunua miaka ya 1980, ikiwa imekwisha kutumika, kwa fedha za misimu miwili ya kahawa. Majirani wengi walikuwa na National au Philips, redio nzuri tu, lakini jioni walikuja kusikilizia kwetu. Sauti yake ilikuwa nzito na tulivu, haikukwaruza hata ilipoongezwa.

Tulipokimbia vita mwishoni mwa mwaka 1993, nikiwa na umri wa miaka 13, baba aliizungushia kitenge na kuifunga nyuma ya baiskeli. Ndiyo iliyotupasha habari kambini Lukole, wilayani Ngara, Tanzania, ambako nilisoma na kukijua Kiswahili hiki ninachoandika. Baba alifia hukohuko. Mwaka 2006 mimi na mama tulirudi nyumbani na redio ambayo tayari ilikuwa imenyamaza.

Basi nikazunguka maduka ya Gitega. Kila nilipotaja Grundig, vijana wa dukani walinitazama tu. Duka moja likaniuzia redio iliyoandikwa jina maarufu la Kijapani. Nilipoifikisha Muyinga, mama akavaa miwani, akaisoma, kisha akaniuliza kwa upole kama walimu siku hizi hawasomi. Herufi moja ilikuwa imebadilishwa. Wiki ya tatu redio ikazima.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nijiulize: yale majina makubwa yalikwenda wapi, na kama yalikuwa mazuri kiasi kile, kwa nini hayakujiuza?

Ubora haukuyaokoa

Grundig ilianzishwa na Max Grundig katika mji wa Fürth, Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliuza redio iliyoitwa Heinzelmann, ambayo mnunuzi alipewa vipande akaiunganisha mwenyewe nyumbani. Kampuni ikakua hadi kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa redio barani Ulaya. Baadaye bidhaa za bei nafuu kutoka Asia zikaibana, na mwaka 2003 ikafilisika. Mwaka 2004 ikanunuliwa na Beko ya Uturuki na Alba ya Uingereza. Leo jina hilo linamilikiwa na Waturuki, na utalikuta hata kwenye friji na mashine za kufulia.

Nakamichi ya Japani ilisifika kwa deki za kaseti. Mwaka 1973 ilitoa deki ya vichwa vitatu, na mwaka 1982 ikatoa nyingine iliyoitwa Dragon, ambayo ilirekebisha yenyewe mkao wa kichwa ili kila kaseti isomeke sawasawa. Mwaka huohuo wa 1982, CD zikaanza kuuzwa Japani. Ni kama mhunzi aliyefua jembe bora kuliko yote siku trekta lilipoingia kijijini. Nakamichi ilifilisika mwaka 2002.

Wengine walimezwa. Aiwa ilimezwa na Sony mwaka 2002, na Sanyo ikaingia mikononi mwa Panasonic mwaka 2009. National ilizimwa na mwenyewe. Kampuni yake, Matsushita, ambayo ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam tangu miaka ya 1960, iliamua mwaka 2008 kubaki na jina moja tu, Panasonic. Nayo Akai na Telefunken yamekuwa majina ya kukodishwa. Anayetengeneza redio siyo mwenye jina, na sifa ya zamani hubandikwa kwenye kitu kingine kabisa.

Jina hukaa kwa fundi

Hayo ni ya huko mbali. Ya hapa kwetu nilielezwa na fundi mmoja mzee wa Gitega, ambaye juu ya rafu yake kuna amplifaya ya Sansui iliyokuwa ya baa moja.

"Mwalimu, jina la redio halikai dukani, linakaa kwa fundi," aliniambia.

Zamani, alisema, mtu mwenye fedha za kahawa alipita kwanza kwake kuuliza anunue ipi, kwa sababu yeye ndiye aliyejua ipi inafunguka na ipi ina spea. Vita vilipoanza, wateja wakatawanyika. Mwezi Julai 1996 nchi jirani zikatuwekea vikwazo vya biashara vilivyodumu hadi Januari 1999. Spea zikaadimika, redio zikawekwa kabatini. Amani iliporejea, bidhaa zilizoingia zilikuwa nyingine, na baadaye simu ya mkononi ikawa ndiyo redio.

Mimi naongeza moja. Wengi wetu tulirudi bila wazee ambao wangetuambia kipi kilikuwa kizuri. Nilipowauliza wanafunzi wangu Grundig ni nini, mmoja alijibu kwa kujiamini kuwa ni mji wa Ujerumani.

Hatimaye nilimpelekea fundi yule redio ya baba. Transista zake hazitengenezwi tena, hivyo alichomoa moja kutoka kwenye redio nyingine iliyokufa. Baada ya wiki mbili ikasema. Mawimbi mafupi bado yanakoroma, lakini kwenye FM inaishika redio ya taifa vizuri. Mama aliinamisha sikio, akasikiliza taarifa ya habari hadi mwisho bila kusema neno, kisha akaomba kile kitenge aifunike.

Kwa hiyo, msomaji, kizuri hujiuza pale tu palipo na aliyekitumia na anayeweza kukitengeneza. Ukienda kununua redio, usiridhike na maandishi ya mbele. Pitia kwanza kwa fundi wa mtaani kwako, umuulize kama siku ikiharibika ataweza kuifungua.