Nauli ya Mtafiti Kijana

Chukueni daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa na asimame karibu na ubao, maana leo tuna maneno manne ambayo hatuna budi kuyaandika. Neno la kwanza ni UBONGO. Lisomeni kwa sauti: u-bo-ngo. Vema.

Ubongo umo ndani ya fuvu la kichwa, na uzito wake kwa mtu mzima ni kama kilo moja na theluthi. Ndani yake mna chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho matupu, nazo hupelekeana habari mchana na usiku. Kutembea, kukumbuka jina la mama yako, kuzisoma herufi hizi unazozisoma sasa, yote ni kazi ya chembe hizo na ya mishipa ya fahamu inayoshuka mgongoni mpaka miguuni.

Je, chembe hizo ni ngapi? Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba ni bilioni 100, kila kitabu kikinakili kwa mwenzake. Ndipo mtaalamu mmoja wa Brazil, Bibi Suzana Herculano-Houzel wa mji wa Rio de Janeiro, alipouliza: Ni nani aliyezihesabu? Hakuona hesabu iliyo wazi. Basi akabuni njia yake. Yeye na wenzake walichukua ubongo wa watu waliokwisha kufa, wakauyeyusha hata ukawa kama uji, wakaukoroga vizuri, wakahesabu katika tone moja, halafu wakazidisha. Mwaka 2009 walitangaza hesabu yao: bilioni 86 hivi. Wekeni jambo hilo akilini, tutalihitaji. Swali hilo lilitoka Rio de Janeiro, halikutoka katika maabara zenye fedha nyingi kuliko zote.

Neno la pili ni MTAFITI. Mtafiti ni mtu ambaye kazi yake ni kutafuta jibu la swali ambalo bado halina jibu, na kulitafuta kwa njia ambayo mtu mwingine aweza kuirudia ili aone kama ni kweli. Mtafiti akiitwa "kijana" msidhani ni mtoto. Aweza kuwa na miaka thelathini na mitano, ana mke au mume na watoto. Anaitwa kijana kwa sababu bado anasomea shahada ya udaktari wa elimu, au ameimaliza miaka michache tu iliyopita. Hana maabara yake, hana jina, na mara nyingi mshahara wake ni mdogo au hana kabisa.

Neno la tatu mnalijua: MKUTANO. Lakini mkutano wa watafiti si kama baraza la kijijini, ambapo watu huketi mpaka shauri likatwe. Hapa hakuna shauri la kukata. Watu hukutana kuonyeshana kazi zao na kutafuta makosa ndani yake. Chama cha wataalamu wa ubongo cha Marekani kilipofanya mkutano wake wa kwanza mjini Washington mwaka 1971, walifika watu 1,400 hivi. Baadaye kuna miaka waliyozidi 30,000. Huo ni umati wa mji mzima.

Liko pia Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Ubongo, ambalo kwa kifupi huitwa IBRO. Mwaka 1958 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Moscow, katika siku ambazo Urusi na Marekani walikuwa hawasemezani vizuri, wakaona kwamba ubongo ni mmoja kwa watu wote, basi yafaa wawe na chama kimoja. Shirika likaundwa mwaka 1961. Mkutano wake mkuu wa dunia wa kwanza ulikuwa Lausanne, nchi ya Uswisi, mwaka 1982. Wa kumi na moja ulikuwa Granada, nchi ya Hispania, mwaka 2023. Kati ya hiyo kumi na mmoja, mmoja ulikuwa Rio de Janeiro, mmoja Kyoto, mmoja Melbourne, mmoja Daegu huko Korea. Afrika, hata mmoja. Hilo nalisema bila hasira, lakini nalisema.

Sasa neno la nne, nalo ndilo lenye kazi kubwa: BANGO. Wakubwa hupewa jukwaa na saa nzima ya kusema. Kijana hupewa ubao, na juu yake hubandika karatasi moja pana, yenye urefu wa kama mita moja. Hapo ameandika swali lake, njia aliyotumia, alichokiona, na picha mbili tatu. Kisha husimama kando ya bango lake kwa saa kadhaa, kama mwenye kibanda sokoni. Watu hupita. Wengine hutazama wakaenda zao. Mmoja husimama, akasoma polepole, akauliza, "Kwa nini hukupima maji ya kisima pia?" Swali kama hilo laweza kumwokoa kijana na kazi ya miaka miwili iliyokwenda upande. Au mtu aweza kusema, "Chombo unachokihitaji ninacho. Njoo ukitumie miezi mitatu." Watu wengi walioendelea katika elimu hii walianzia mbele ya bango.

Lakini ili asimame mbele ya bango lazima kwanza afike. Kuna ada ya kuingia mkutanoni, kuna nauli ya ndege, kuna pa kulala. Kwa hiyo mashirika hayo hutenga fedha kila mara kwa ajili ya vijana. Kijana huandika muhtasari wa kazi yake, maneno mia mbili au mia tatu tu. Wataalamu huusoma, na ukipita, hulipiwa nauli na malazi, pengine na ada. Kabla au baada ya mkutano huweko pia mafunzo ya siku chache, ambapo hufundishwa kuandika makala na kuomba fedha za utafiti.

Naona mzee mmoja huko darasani anainua mkono. Anauliza: "Bwana, fedha hizo za ndege si afadhali zingenunua dawa?" Ni swali la haki. Nitalijibu kwa habari ya muhogo.

Katika nchi ya Kongo, upande wa Kwango, kuna ugonjwa uitwao konzo. Jina hilo ni la Kiyaka, maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu huwa mzima kabisa. Halafu ghafula, pengine anapoamka au baada ya mwendo mrefu, huona miguu inatetemeka, imekakamaa, haikunjuki. Haiponi. Wanaopatwa zaidi ni watoto, na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Daktari mmoja Mwitaliano, Trolli, aliandika habari zake mwaka 1938. Mwaka 1981 ulizuka Msumbiji, katika jimbo la Nampula, ukashika watu zaidi ya elfu moja. Mwaka 1985 ulionekana Tanzania, wilaya ya Tarime. Wako waliodhani ni uchawi, na wako madaktari waliodhani ni ugonjwa wa kuambukiza.

Chanzo ni muhogo mchungu ambao haukutengenezwa vizuri. Muhogo huo una kitu ambacho hugeuka kuwa sumu iitwayo sianidi. Wazee walijua dawa yake: kuloweka siku tatu au zaidi, kisha kuanika. Lakini ukame ukija, sumu huzidi katika muhogo, na njaa humfanya mama afupishe siku za kuloweka. Tena wakati huo hakuna maharage, samaki wala nyama, vyakula ambavyo husaidia mwili kuiondoa sumu. Huko Kongo lilitokea jambo la kusikitisha: barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipopatikana, biashara ya muhogo ilikua, na watu wakapunguza siku za kuloweka ili wauze upesi. Barabara ilileta fedha, lakini ikaleta na ugonjwa.

Sasa fikirini. Mtaalamu aliyezaliwa na kusoma Ulaya, ambaye hajaona muhogo mchungu maishani mwake, atauliza swali hili? Wako waliouliza, tena walifanya kazi njema kutoka Sweden na Australia. Lakini mwenye kumjua yule mama, lugha yake, na sababu ya haraka yake, ni mtu wa huko. Daktari Désiré Tshala-Katumbay ni Mkongo, naye ni mtaalamu wa mishipa ya fahamu. Yeye na wenzake waliwapima watoto wa Kahemba, na mwaka 2013 walitangaza jambo zito: hata watoto ambao miguu yao ni mizima, lakini wanaishi katika nyumba zenye konzo, walionekana kupungukiwa katika kukumbuka na kujifunza. Ndiyo kusema sumu haikuishia miguuni. Iligusa na ubongo, na mwalimu shuleni huenda alidhani mtoto ni mvivu.

Sisemi kwamba mkutano uliwaponya watoto hao. Mkutano hauponyi mtu. Ninalosema ni kwamba dawa haiwezi kununuliwa kwa ugonjwa ambao chanzo chake hakijajulikana, na chanzo hakijulikani ikiwa aliyekiona hana pa kusemea. Nauli ni njia ya kuliingiza swali ndani ya chumba.

Waafrika wenyewe waliliona hilo. Mwaka 1993, mjini Nairobi, walianzisha Chama cha Wataalamu wa Neva wa Afrika, ambacho kifupi chake ni SONA. Kila baada ya miaka miwili kwa kawaida chama hicho hufanya mkutano, na mkutano huhama kutoka nchi hadi nchi. Mwaka 2017 ulikuwa Entebbe, Uganda, na mwaka 2019 ulikuwa Lagos. Kijana wa Mbarara aliweza kufika Entebbe kwa basi. Hiyo peke yake ni tofauti kubwa, maana kikwazo cha kijana si nauli tu.

Yako mengine matatu ambayo hayasemwi sana. Kwanza viza. Mtu aweza kupata barua ya mwaliko na tiketi, lakini ubalozi wa nchi anayokwenda uko katika nchi ya jirani, basi yampasa asafiri ili apate ruhusa ya kusafiri, na mwishoni akanyimwa. Pili, mara nyingi fedha za msaada hulipwa baada ya safari: lipa kwanza, leta risiti, urudishiwe. Mwenye kubuni utaratibu huo bila shaka hakukusudia mabaya, lakini mtu mwenye fedha za kukopesha shirika hakuhitaji msaada sana tangu mwanzo. Kwa maoni yangu hilo lingeweza kurekebishwa kesho. Tatu ni lugha. Mikutano hii husemwa kwa Kiingereza, na kijana wa Kinshasa au Bujumbura amesoma kwa Kifaransa. Mbele ya bango lake anaujua ukweli wote, ila maneno yanamkimbia.

Kabla hatujaachana, nawapa jambo la kutumia jikoni, hasa ninyi mnaokula unga wa muhogo mchungu. Lilibuniwa Australia na Profesa Howard Bradbury, na kule Kwango kijiji cha Kay Kalenge walilitumia, na watu wapya hawakupatwa na konzo katika muda huo. Unga wa muhogo hukorogwa na maji ukalowa wote. Hutandazwa mwembamba, usizidi unene wa kidole, juu ya mkeka au sinia. Huachwa saa 2 juani, au saa 5 kivulini, ili sumu itoke kama hewa. Kisha hupikwa siku hiyo hiyo. Hii ni nyongeza tu, wala haichukui nafasi ya kuloweka.

Sasa mwalimu na aandike ubaoni maneno yetu manne: ubongo, mtafiti, mkutano, bango. Kila mmoja wenu atengeneze bango lake katika ukurasa mmoja wa daftari. Juu aandike swali moja juu ya ugonjwa au mazao ya kijijini kwake, swali ambalo hajapata kusikia mtu akilijibu. Chini yake aandike ni nani angemwuliza. Bandikeni kurasa hizo ukutani, halafu nusu ya darasa wasimame kando ya mabango yao, na nusu wapite wakisoma na kuuliza. Baadaye mbadilishane.