Je, Wajua? Jalidi Huitia Karoti Utamu

Huko Makete na Njombe, mwezi wa Juni au Julai, usiku mmoja wa jalidi, usio na mawingu wala upepo, hutosha kuunguza bustani ya nyumbani. Kipimajoto cha ukutani huenda kikaonyesha nyuzi 2 juu ya sifuri, kumbe majani yamekwisha kupoteza joto lake angani na kushuka chini ya sifuri. Maji yaliyomo huganda. Jua likichomoza, nyanya, maharage na maboga hunyauka na kuwa meusi, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Viazi mviringo hupoteza majani, ila vilivyo chini ya udongo hupona.

Karoti, kabichi na sukuma wiki ni watu wengine kabisa! Baridi ikizidi, hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, na maji yenye sukari hayagandi upesi. Utamu huo ni kinga. Sisi tunafaidi tu.

Ukitaka kuokoa nyanya, zifunike kwa shuka kuukuu kabla jua halijazama, udongo ungali na joto, kisha ufunue asubuhi. Ukitumia nailoni, isiguse majani, kwani pale inapogusa ndipo panapoungua.