Wanasayansi Chipukizi wa Temeke: Nani Anachangia, na Shule Inaufikiaje Mchango Huo?

Wanafunzi wa shule za msingi na sekondari wenye mawazo ya kisayansi wana njia zaidi ya moja ya kuyafikisha mawazo hayo mbele ya wataalamu. Njia hizo zinaendeshwa kwa fedha na utaalamu wa Serikali, mashirika ya umma na kampuni binafsi. Hata hivyo, humfaa yule anayezifahamu. Katika Manispaa ya Temeke, ambayo kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ina wakazi zaidi ya milioni 1.3, mara nyingi ni juhudi za mwalimu wa somo zinazoamua iwapo wazo la mtoto litavuka lango la shule au litaishia kwenye daftari.

Makala haya yanaeleza michango hiyo inatoka wapi, inapitia wapi, na nini kinachotakiwa ili mwanafunzi wa Mbagala, Keko, Tandika au Yombo anufaike nayo.

Mashindano ya Kitaifa

Njia ya kwanza ni Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yanayojulikana kwa kifupi kama MAKISATU. Mashindano haya yalianzishwa mwaka 2019 na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Yanapokea kazi kutoka makundi saba: shule za msingi, shule za sekondari, vyuo vya ufundi stadi, vyuo vya ufundi wa kati, vyuo vikuu, taasisi za utafiti na maendeleo, pamoja na wabunifu wa mfumo usio rasmi. Kwa mpangilio huo, mwanafunzi wa shule ya msingi hashindanishwi na mhandisi, na fundi wa mtaani asiye na cheti ana nafasi yake.

Lengo la mashindano hayo ni pana kuliko kutoa zawadi. Wabunifu wanaoibuliwa huweza kuendelezwa ili kazi zao zifike hatua ya kutumika, na mhusika mkuu wa kazi hiyo ni Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986. Ofisi za Tume hiyo zilizopo Kijitonyama, Wilaya ya Kinondoni, zinafahamika kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam kwa sababu kituo cha daladala kilicho jirani kinaitwa Sayansi.

Maonesho ya Wanasayansi Chipukizi

Njia ya pili ni taasisi ya Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Dkt. Gozibert Kamugisha akishirikiana na Joseph Clowry kutoka Ireland. Maonesho yake ya kwanza ya kitaifa yalifanyika jijini Dar es Salaam mwaka 2012. Wanafunzi wa sekondari hufanya utafiti chini ya uangalizi wa mwalimu wao, huandika taarifa, kisha huieleza kazi yao mbele ya majaji. Utafiti unaweza kuwa wa baiolojia na ikolojia, wa kemia, fizikia na hisabati, wa teknolojia, au wa sayansi ya jamii.

Mfano huu ulitoka Ireland, ambako maonesho ya namna hiyo yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1965 katika jengo la Mansion House, Dublin. Kampuni ya ndege ya Aer Lingus iliyadhamini kwa miongo kadhaa kabla ya wadhamini wengine kushika nafasi hiyo. Uzoefu huo una funzo kwa wafadhili wa Tanzania: kilichoyajenga maonesho ya Dublin ni udhamini uliorudi mwaka hadi mwaka, kiasi kwamba walimu waliweza kuyapangia ratiba kama wanavyopangia mitihani. Kenya nayo iliufuata mfano huo, na Young Scientists Kenya ilifanya maonesho yake ya kwanza mwaka 2018.

Kwa upande wa Tanzania, Serikali ya Ireland ni miongoni mwa waliosaidia tangu mwanzo. Taasisi ya Karimjee Jivanjee imekuwa ikitoa ufadhili wa masomo ya chuo kikuu kwa washindi. Kwa mzazi mwenye kipato kidogo, ufadhili huo una uzito wa pekee, kwa kuwa utafiti wa mtoto wa sekondari unageuka kuwa ada ya chuo.

Mawasiliano na Tehama

Njia ya tatu inapitia sekta ya mawasiliano. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, unachangiwa na watoa huduma za mawasiliano. Pamoja na kazi yake ya kufikisha mawasiliano maeneo yasiyo na mvuto wa kibiashara, Mfuko hupeleka kompyuta katika shule za umma, hutoa mafunzo ya tehama kwa walimu, na huandaa mafunzo na mashindano ya wasichana yanayoambatana na siku ya kimataifa ya wasichana katika tehama, inayoadhimishwa Alhamisi ya nne ya mwezi Aprili kila mwaka. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, nayo inahamasisha uundwaji wa klabu za kidijiti katika shule na vyuo.

Kampuni binafsi pia zina programu zao. Vodacom Tanzania, kwa kushirikiana na dLab, imeendesha mafunzo ya Code Like a Girl, ambayo huwafundisha wasichana wenye umri wa miaka 14 hadi 18 misingi ya kuandika programu za kompyuta.

Fedha za Kampuni Zinapitaje?

Wananchi wengi huuliza iwapo kampuni zinalazimika kuchangia elimu. Jibu linategemea sekta. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inawataka wenye leseni za uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kuukubaliana na mamlaka za maeneo husika. Kwa viwanda na maghala ya Chang'ombe, Kurasini na kando ya Barabara ya Nyerere, mchango wa namna hiyo hubaki kuwa wa hiari.

Hiari hiyo hata hivyo imewekewa kivutio. Sheria ya Mfuko wa Elimu, Na. 8 ya mwaka 2001, iliunda Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, ambayo hupokea michango na kuielekeza kwenye mahitaji ya elimu yakiwemo maabara, madarasa na mabweni. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 nayo inautambua mchango unaotolewa kwa Mfuko huo, hivyo mchangiaji huweza kuuondoa kwenye mapato yake kabla ya kodi kukokotolewa. Kwa maana hiyo, shule inapomwendea mwenye kiwanda haina sababu ya kwenda kama mwombaji wa sadaka. Inaweza kwenda na mahitaji yaliyoorodheshwa, na maelezo ya utaratibu wa kisheria unaomnufaisha pia mtoaji.

Utafiti wa Shule Unahitaji Nini?

Wapo wazazi na walimu wanaodhani kwamba utafiti wa mwanafunzi hauwezekani bila mitambo ya gharama. Mfano kutoka Temeke unaonesha vinginevyo. Keko inafahamika kwa mafundi seremala, na kazi yao huacha vumbi la mbao kwa wingi. Wakati huohuo, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mwanafunzi anaweza kuuliza: je, mkaa mbadala uliotengenezwa kwa vumbi la mbao unachemsha maji kwa haraka kuliko mkaa wa kawaida, na moshi wake ukoje?

Ili kulijibu swali hilo, atapima uzito uleule wa kila aina ya mkaa, atatumia jiko lilelile, sufuria ileile na lita moja ya maji yenye joto lilelile la kuanzia. Ataandika dakika zilizotumika mpaka maji yachemke, kisha atarudia jaribio hilo angalau mara tatu kwa kila aina, kwa kuwa matokeo ya mara moja yanaweza kupotoshwa na upepo au unyevu. Jaribio lifanyike mahali pa wazi, chini ya uangalizi wa mwalimu, kwa sababu mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Vifaa vyote hivyo ni mizani, kipimajoto, saa, jiko na daftari. Kinachokosekana mara nyingi ni mizani inayoaminika, mtu wa kumwelekeza mwanafunzi namna ya kusoma takwimu zake, na muda wa mwalimu aliyeelemewa na vipindi. Serikali ilielekeza kuanzia mwaka 2012 kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, yaani za fizikia, kemia na baiolojia. Majengo hayo yanahitaji vifaa, kemikali na mafundi wa maabara ili yafanye kazi iliyokusudiwa, na hapo ndipo mchango wa kampuni jirani unapoweza kuleta tofauti inayoonekana.

Kiwanda chenye maabara ya kupimia ubora wa bidhaa, kwa mfano, kinaweza kumruhusu mtaalamu wake atembelee shule mara moja kwa mwezi, au kutoa mizani iliyo katika hali nzuri wakati kinaponunua mpya. Msaada wa namna hiyo hauonekani sana kwenye picha za habari, lakini hubaki shuleni baada ya mabango ya siku ya maonesho kuondolewa, na humfikia pia mwanafunzi ambaye jina lake halikuitwa jukwaani.

Rasilimali Zilizopo Temeke

Temeke ina taasisi ambazo shule zake zinaweza kuzifikia kwa nauli ya daladala moja au mbili. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, DUCE, kilichopo Chang'ombe tangu mwaka 2005, huandaa walimu, wakiwemo wa sayansi na hisabati. Chuo cha VETA Chang'ombe kina karakana za fani mbalimbali za ufundi, jambo lenye umuhimu zaidi sasa ambapo mitaala mipya iliyoanza kutekelezwa mwaka 2024 imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Shule inayotaka kutembelea taasisi hizi inashauriwa kuandika barua mapema kupitia kwa mkuu wa shule.

Aidha, Viwanja vya Mwalimu Nyerere vilivyopo Barabara ya Kilwa hupokea kila mwaka Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, maarufu kama Sabasaba. Mwanafunzi anayekwenda akiwa na maswali matatu yaliyoandikwa, akawauliza wataalamu kwenye mabanda ya taasisi za umma na vyuo vikuu, hurudi na mengi kuliko anayepita akikusanya vipeperushi.

Hatua za Kuchukua

Kwa mwalimu, hatua ya kwanza ni kuanzisha klabu ya sayansi yenye siku maalumu katika ratiba ya shule, na kufuatilia matangazo ya mashindano kupitia ofisi za elimu za Halmashauri ya Manispaa. Mwanafunzi ahifadhi daftari la utafiti lenye tarehe, vipimo na makosa yaliyojitokeza, kwa kuwa majaji huuliza namna alivyofikia matokeo. Pale ambapo kazi ni kifaa kipya, ni vema kupata ushauri wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, kuhusu hataza kabla ya kukionesha hadharani, maana ugunduzi uliokwisha kuanikwa unaweza kupoteza sifa ya upya inayotakiwa kisheria.

Kwa mzazi, lililo muhimu ni kumruhusu mtoto abaki shuleni siku ya klabu na kumjibu anapouliza. Kwa kampuni, ni kuuliza shule inahitaji nini kabla ya kununua, na kuahidi miaka kadhaa badala ya siku moja.

Kila kijana wa Kitanzania anaifahamu UMISSETA, na anajua kwamba safari ya kwenda kwenye michezo hiyo huanzia uwanja wa shule yake. Safari ya mwanasayansi chipukizi nayo huanzia shuleni. Shule isiyo na klabu, mizani wala mwalimu mwenye muda haiwezi kupeleka mshiriki, hata kama zawadi zinazotangazwa ni kubwa kiasi gani.