Redio za Pande Mbili: Aina na Matumizi Yake

Ukifika kwenye lango la mgodi Geita au Mwadui, huenda ukamwona mlinzi akisema na chombo chenye antena fupi, kisha akinyamaza kusubiri jibu. Hiyo ni redio ya pande mbili, ambayo wengi huiita simu ya upepo au redio koli. Redio ya nyumbani hupokea mawimbi tu, lakini hii hupokea na kurusha. Tena, tofauti na simu ya mkononi, haihitaji mnara wa kampuni ya simu.

A: Aina kwa kuzingatia umbo

1. Redio ya mkononi. Nguvu yake kwa kawaida haizidi wati 5, hivyo hufika kilometa chache. Hutumiwa na walinzi na wasimamizi wa zamu.
2. Redio ya gari. Hutumia betri ya gari na nguvu yake huwa kati ya wati 25 na 50. Huwekwa kwenye malori ya mgodini na magari ya polisi.
3. Redio ya kituo. Hukaa ofisini, na antena yake hufungwa juu ya mlingoti.

Kilima kikizuia mawimbi, hujengwa ripita mahali pa juu. Ripita hupokea ujumbe na kuurusha upya kwa nguvu zaidi.

B: Aina kwa kuzingatia masafa

1. HF (MHz 3 hadi 30). Mawimbi huakisiwa na tabaka la ayonosfia na kurudi ardhini mamia ya kilometa mbali.
2. VHF (MHz 30 hadi 300). Husafiri karibu moja kwa moja. Hufaa maeneo ya wazi kama tambarare za Shinyanga.
3. UHF (MHz 300 hadi 3000). Urefu wa wimbi ni mfupi, hivyo hupenya vizuri zaidi kwenye madirisha na nafasi kati ya mitambo.

*Mfano:* Tafuta urefu wa wimbi la redio ya MHz 150.
Urefu wa wimbi = kasi ÷ masafa = 300,000,000 ÷ 150,000,000 = mita 2.
Antena ya robo wimbi itakuwa na urefu wa mita 0.5. Ukirudia hesabu kwa MHz 450 utapata takriban mita 0.17. Ndiyo maana antena za UHF ni fupi.

C: Kuzungumza kwa zamu

Unabonyeza kitufe ili useme, unakiachia ili usikilize. Ukimaliza unasema "ova". Watahiniwa wengi hukosea kwa kuandika kwamba wote wawili husema kwa wakati mmoja. Hiyo ni sifa ya simu. Wawili wakibonyeza pamoja, hakuna anayemsikia mwenzake.

D: Mipaka na tahadhari

Mwamba hufyonza mawimbi ya redio. Mwaka 2015, wachimbaji wadogo walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata, Kahama. Watano waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Fikiria: redio ya mkononi ingewasaidia? Peke yake, hapana, kwa sababu mawimbi yake yasingepenya ardhi hadi juu. Migodi mikubwa ya chini ya ardhi hutandaza kebo maalumu yenye mianya kwenye njia zake, ili mawimbi yavuje na kuwafikia wafanyakazi. Duara la mchimbaji mdogo kwa kawaida halina kebo hiyo.

Tahadhari nyingine ni ulipuaji. Redio inaporusha, mawimbi yake yanaweza kuzalisha mkondo wa umeme kwenye nyaya za fataki za umeme na kulipua baruti kabla ya wakati. Kwa hiyo usibonyeze kitufe karibu na eneo la ulipuaji wa aina hiyo.

Kumbuka pia kwamba matumizi ya masafa ya redio nchini husimamiwa na TCRA.

Maswali ya kujipima

1. Taja tofauti mbili kati ya redio ya pande mbili na simu ya mkononi.
2. Kokotoa urefu wa wimbi la redio ya MHz 7.5. Redio hiyo ni ya kundi gani?
3. Mchimbaji aliye ndani ya duara hasikiki juu ingawa betri ya redio yake imejaa. Eleza sababu.