Kuchagua Picha ya Mashindano Pamoja na Wanafunzi

Tangazo la mashindano ya picha likifika katika shule ya msingi, kwa kawaida huishia mikononi mwa mwalimu mmoja: yule mwenye simu nzuri, au yule anayefundisha sanaa. Mwalimu huyo huwakusanya wanafunzi, huwapa zamu za kupiga picha, na baada ya wiki mbili huwa na picha mia moja na zaidi. Sharti la mashindano ni picha moja tu. Hapo ndipo kazi hasa ya ualimu ingepaswa kuanza, na hapo ndipo walimu wengi huiacha. Mwalimu huketi peke yake jioni, huzipitia picha zote, huchagua ile aipendayo, na asubuhi hulitangaza jina la mwenyewe mbele ya darasa. Wanafunzi hupiga makofi. Walichojifunza ni kwamba picha nzuri ni ile aipendayo mwalimu.

Makala haya yanakusudia kumwonesha mwalimu mwanafunzi jinsi uchaguzi huo unavyoweza kufanywa somo, tena somo zito, hata katika shule yenye simu moja. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: aliyepiga picha huitazama kwa kumbukumbu, lakini mwamuzi wa mashindano huitazama kwa macho tu. Ugumu wote wa kuchagua unatokana na tofauti hiyo.

Nitoe mfano wa jambo nililolishuhudia nikiwasimamia wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha. Wanafunzi wa Darasa la Sita walikuwa wamepewa mada ya “Maji”. Mvulana mmoja aliamka alfajiri, akapanda kilima kilicho nyuma ya shule kwa ruhusa ya wazazi wake, akapiga picha ya jua likichomoza juu ya bwawa. Msichana mmoja, akisubiri ndoo yake ijae bombani, alimwona kuku amenyoosha shingo akidaka tone la maji lililokuwa likivuja kwenye maungio ya bomba. Akapiga. Nyuma ya kuku yule zilionekana ndoo zilizopangwa foleni, na miguu ya watu waliokuwa wakingoja. Yeye mwenyewe aliiona picha ile kuwa mchezo, na alikuwa karibu kuifuta. Darasa zima lilisimama upande wa picha ya jua.

Kwa nini? Kwa sababu kila mtoto alijua habari ya kilima. Walijua giza, umande, na mbwa waliombwekea mwenzao njiani. Vyote hivyo vilikuwa vichwani mwao, wala havikuwamo katika picha. Mwamuzi aliye mbali hakupanda kilima. Yeye ataona mbingu ya rangi ya chungwa, kama alivyokwisha kuiona mara nyingi, na maji, ambayo ndiyo mada, yameachiwa ukanda mwembamba chini. Picha ya kuku haihitaji kusimuliwa. Jicho hutua kwanza kwenye lile tone, kisha kwa kuku, kisha huenda nyuma kwenye ndoo, na hapo mtazamaji huelewa mwenyewe kwamba mahali hapa hata tone moja lina mwenyewe. Picha hiyo ilikuwa na kasoro: ukingoni mwa kushoto ulijitokeza mkono wa mtoto, mkono mtupu usio na mwili. Lakini kasoro ya ukingoni huweza kukatwa, iwapo masharti ya mashindano yanaruhusu. Kukosa jambo la kusema hakukatwi.

Sasa, mwalimu atawafikishaje watoto kwenye utambuzi huo bila kuwaamulia? Kwanza azitoe picha ndani ya simu. Kioo cha simu huipamba kila picha kwa mwanga wake, tena simu hushikwa na mtu mmoja huku wengine wakichungulia begani. Achague pamoja na kikundi picha kumi au kumi na mbili, zikasafishwe studio kwa ukubwa wa kawaida. Fedha zikikosekana, simu iwekwe juu ya meza mahali penye kivuli, na wanafunzi waje watano watano. Picha zilizosafishwa zibandikwe ukutani kwa namba, bila majina. Chini ya kila picha pawekwe kifuniko cha chupa au kopo dogo, na kila mwanafunzi apewe punje tatu za maharage za kupigia kura. Watembee kimya. Ukimya huu si wa kutafuta nidhamu; bila ukimya, mtoto mwenye sauti kubwa ndiye atakayewachagulia wenzake wote.

Kura hiyo ya kwanza isiwe ya mwisho. Kazi yake ni kupunguza picha zibaki nne au tano. Hapo ndipo maswali yaanze, na hapa naomba mwalimu mwanafunzi awe mwangalifu sana, maana swali huweza kulikuza somo au kuliua. Swali la “Je, picha hii ni nzuri?” ni swali lililokufa, jibu lake ni “Ndiyo, mwalimu.” Heri kuuliza: Unaona nini? Jicho lako lilitua wapi kwanza? Kisha lilikwenda wapi? Ni kitu gani ukikiondoa picha haitapungukiwa? Mtu ambaye hajafika kijijini kwetu ataelewa nini? Majibu yaandikwe ubaoni kama yalivyotamkwa, hata yakipingana. Inafaa pia kumwita mtu ambaye hakuwapo wakati wa kupiga, kwa mfano mpishi wa shule au mwanafunzi wa Darasa la Tatu, naye aulizwe maswali yale yale. Mtoto mdogo ni mwamuzi mkali. Hajui nani alipanda kilima.

Siku ya pili, kabla ya kuzitazama tena, kila mwanafunzi achore kwa penseli picha moja anayoikumbuka zaidi. Zoezi hili ni rahisi, lakini nimeona kuwa hufichua mengi kuliko kura. Katika darasa nililolitaja, wengi wa wale waliokuwa wameipigia kura picha ya jua walichora kuku. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha hakusema neno. Alizibandika zile michoro karibu na picha, akawaacha watazame. Mvulana wa kilimani ndiye aliyecheka kwanza. Yeye pia alikuwa amechora kuku.

Wanafunzi wafahamishwe kwamba kuchagua picha moja kutoka nyingi ni kazi ya mabingwa pia, si adhabu kwa wanaojifunza. Mfano unaofaa kuelezwa ni wa Dorothea Lange, mpigapicha wa Marekani. Mwezi Machi mwaka 1936, katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, alimpiga picha mama mmoja pamoja na watoto wake. Alipiga kadhaa mfululizo. Katika zile za mbali huonekana hema, vyombo na watoto zaidi, na jicho hutangatanga. Katika ile iliyosifika duniani amesogea karibu: mama ameshika shavu, na watoto wawili wamezigeuza nyuso zao mgongoni mwake. Umaskini ule ule umo katika picha zote, lakini ni hiyo moja iliyouweka katika uso wa mtu mmoja. Mwalimu akiweza kupata mfululizo huo, auoneshe wote, awaulize wanafunzi wangechagua ipi, kabla ya kuwaambia ipi ilichaguliwa.

Habari hiyo ina upande wa pili ambao haufai kufichwa. Jina la mama yule halikuandikwa wakati ule. Lilijulikana hadharani mwaka 1978: Florence Owens Thompson. Naye alionesha kutoridhika, kwa kuwa uso wake ulikuwa umezunguka dunia na yeye hakupata kitu. Hapa tunafika penye jambo linalonisumbua zaidi kuhusu mashindano ya picha mashuleni. Baadhi ya walimu huamini kwamba waamuzi, hasa wa kutoka nje, hupenda huzuni. Kwa hiyo huchagua picha ya mtoto aliye uchi, ya bibi kipofu, ya mwanafunzi mwenye sare iliyochanika. Huenda picha ya namna hiyo ikashinda. Lakini yule mwenye sare iliyochanika ameketi dawati la tatu, na kesho ataiona picha yake ukutani. Kipimo changu ni chepesi: je, aliyemo katika picha angekubali kusimama kando yake siku ya kutoa zawadi? Kama jibu ni hapana, picha hiyo iondolewe mezani, hata ikiwa ndiyo yenye mwanga bora kuliko zote.

Kukubali huko kutafutwe kwa vitendo. Mtu mzima aoneshwe picha na aelezwe inakokwenda. Kwa mtoto, mzazi au mlezi atoe ridhaa, na ni vizuri iwe kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake. Mwalimu asingoje sheria imkumbushe.

Kuhusu ukweli wa picha, mifano ipo ya kutosha kuwaonya wanafunzi. Mashindano makubwa ya picha za wanyamapori yanayoendeshwa na Natural History Museum ya London yana makundi ya watoto pia, kuanzia wenye miaka 10 na chini. Mshindi mkuu wa mwaka 2009, José Luis Rodríguez, alipiga mbwamwitu akiruka lango la uzio usiku. Mwanzoni mwa mwaka 2010 alinyang’anywa ushindi, kwa kuwa waamuzi waliona kuwa yaelekea mnyama yule alikuwa wa kufugwa na kufundishwa, ingawa yeye alikana. Na mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen aliikataa zawadi ya Sony World Photography Awards, akieleza kuwa picha yake ilitengenezwa kwa akili bandia, na kwamba alitaka kuona kama mashindano yako tayari kwa mambo hayo. Simu za siku hizi huweza kumfuta mtu katika picha au kuongeza mawingu kwa kugusa kioo. Kwa hiyo masharti yasomwe darasani kwa sauti, sharti kwa sharti, kabla ya mtu kuigusa picha. Yasemapo kwamba hairuhusiwi kuongeza wala kuondoa kitu, hata ule mkono wa ukingoni usifutwe. Huenda kukata ukingo kukawa halali na kufuta kitu kukawa haramu. Wanafunzi waelewe tofauti yake.

Kuna udanganyifu mwingine ulio karibu nasi zaidi, nao ni wa mwalimu. Kwa kuwa wanafunzi hawaji na simu shuleni, chombo huwa ni cha mwalimu, na mwenye chombo hujiona mwenye picha. Akishaielekeza simu, akapanga watu, akachagua saa, kisha akamwambia mtoto “bonyeza hapo”, picha hiyo ni ya mwalimu, na haifai kuingizwa katika mashindano ya watoto. Pawe na daftari la zamu: jina la mwanafunzi, siku, saa ya kuchukua simu na saa ya kuirudisha. Daftari hilo litamaliza ubishi wa nani alipiga, na ndilo litakaloonesha jina la kuandika kwenye fomu. Kwa wanachuo watakaopangiwa shule zenye wanafunzi mia katika chumba kimoja, najua kwamba daftari hili litaonekana mzigo. Basi kikundi kiwe kidogo, lakini daftari lisiachwe.

Maelezo yanayoambatana na picha yaandikwe na aliyepiga, kwa sentensi mbili au tatu. Yaseme kile ambacho picha haiwezi kusema: mahali, wakati, na jambo lililokuwa likitokea. Yasirudie kinachoonekana, wala yasimwelekeze mwamuzi namna ya kuhisi. Yule msichana aliandika kwanza kwamba maji ni uhai. Alipoulizwa kama kuku anajua hivyo, alifuta, akaandika kwamba bomba hilo hufunguliwa asubuhi tu, na kwamba kuku wa jirani wameijua saa.

Picha zisizochaguliwa zirudishwe kwa wenyewe, au zibaki ukutani hadi mwisho wa muhula, safari hii zikiwa na majina. Ile iliyochaguliwa itumwe nakala yake, na ya asili ihifadhiwe bila kuguswa mpaka matokeo yatoke, kwani waamuzi huweza kuiomba ili wailinganishe na ile waliyotumiwa.