Ndanda: Mtambo wa Umeme Huanzia Vichakani

Ndugu msomaji, ukisafiri kutoka Masasi kwenda Mtwara utafika Ndanda, chini ya ukingo wa Uwanda wa Juu wa Makonde. Hapo maji huteremka kutoka mlimani hata wakati wa kiangazi. Wamisionari Wabenediktini, walioanzisha misheni hiyo mwaka 1906, baadaye waliyatumia kuzungushia mtambo mdogo wa umeme.

Yatoka wapi maji hayo? Panda juu, uelekee Newala, nawe utastaajabu: huko hakuna mto. Udongo ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji huzama. Husafiri polepole ardhini mpaka yakutane na tabaka lisilopenyeka, ndipo hutokeza chini ya ukingo kama chemchemi. Ndiyo maana kwa miaka mingi kina mama wa Newala waliteremka mabondeni kuteka maji, kisha wakapanda nayo kichwani.

Kwa hiyo mtambo wa umeme wa maji hauishii kwenye bomba na gurudumu lake. Vichaka vya juu na miti ya miteremkoni navyo ni sehemu ya mtambo. Vikifyekwa na kuchomwa ovyo, mvua hukimbia na udongo badala ya kuzama. Mchanga huziba mifereji, na chemchemi hudhoofika.

Somo hili Taifa limelipata kwa gharama kubwa. Kituo cha Kidatu, chenye uwezo wa megawati 204, hutegemea Mto Ruaha Mkuu na bwawa la Mtera. Kuanzia mwaka 1993 mto huo ulianza kukauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, hasa kwa sababu ya matumizi ya maji huko juu, Usangu. Ukame ulipozidi mwaka 2006, mgawo wa umeme ulisimamisha mashine viwandani na kuzima taa majumbani.

Yawezekana utasema kwamba sasa Mtwara huzalisha umeme kwa gesi asilia ya Mnazi Bay. Ni kweli, lakini gesi hainyweki. Mji wa Masasi hunywa maji ya chemchemi za Mbwinji, zilizo chini ya uwanda ule ule.

Basi, ndugu mfanyakazi, utakapokwenda likizo nyumbani, kabla ya kuagiza shamba jipya lifyekwe, waulize wazee kwanza: chemchemi iko wapi?