Istilahi za Mwendo na Utatuzi wa Maswali ya Mchapuko Usiobadilika

Mara nyingi hudaiwa kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba fizikia kwa sababu ya uhaba wa istilahi. Yafaa dai hili lichunguzwe upya. Kikwazo cha mwanafunzi aghalabu si kukosekana kwa neno, bali ni neno moja kubebeshwa maana nyingi. Msemaji asemapo “mwendo wa saa mbili”, hukusudia umbali. Asemapo “punguza mwendo”, hukusudia kasi. Katika mazungumzo muktadha huondoa utata huo. Katika hesabu utata huo hupotosha.

Kwa hiyo, kwa kitu kiendacho katika njia iliyonyoka, sharti viasi vitano vitenganishwe: kasi ya mwanzo (u), kasi ya mwisho (v), muda (t), umbali (s) na mchapuko (a), yaani kiasi ambacho kasi hubadilika katika kila sekunde. Iwapo mchapuko haubadiliki, vitatu vikijulikana, viwili vilivyosalia hupatikana.

Tuseme basi laenda kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 72 kwa saa. Dereva afunga breki, na kasi yapungua kwa mita 4 kwa sekunde katika kila sekunde, hata basi likasimama. Je, limekwenda umbali gani tangu breki zilipofungwa?

Tarakimu zilizotajwa ni mbili tu. Ya tatu imefichwa ndani ya kitenzi. “Likasimama” maana yake ni kwamba v ni 0. Vivyo hivyo, “kuondoka kituoni” kungalionyesha kwamba u ni 0. Nacho kitenzi “yapungua” chaupa mchapuko alama ya kutoa: a ni -4. Maadamu muda haukutajwa wala haukuulizwa, huchaguliwa kanuni isiyo na muda:

v² = u² + 2as
0 = 400 - 8s
s = 50

Basi limekwenda mita 50. Lau kasi ya mwanzo ingalikuwa mita 10 kwa sekunde, umbali ungalikuwa mita 12.5 tu. Kasi ikipungua kwa nusu, umbali wa kusimama hubaki robo. Hiyo ndiyo thamani ya onyo “punguza mwendo”.

Ni dhahiri, basi, kwamba swali la fizikia husomwa kwanza kama matini, ndipo likakokotolewa. Anayefundisha vitenzi kwa makini amekwisha kufundisha nusu ya hesabu.